Kauli Iliyosafishwa

Mtambo wa mvuke wa Lusungo ulikuwa umenyamaza, na Hatibu Kondo alitembea ndani ya ukimya ule kama mkulima anayekagua shamba lake baada ya mvua ya kwanza.

Mashine hazikunyamaza. Visima vilinguruma chini ya mlima kama siku zote, vikipandisha mvuke uliowasha taa za nyanda zote za juu. Walionyamaza ni watu. Alipofika hapa mara ya kwanza, redio za mtambo zilikuwa zikitema matusi tangu asubuhi mpaka zamu kubadilishana. Watu wa Vioo, wale wanaokaa chumba cha uongozi wakitazama vipimo, waliwaita Watu wa Mabomba nguruwe wa tope. Watu wa Mabomba, wanaopanda visimani na spana zao begani, walijibu kwamba heri tope kuliko kukaa ndani kutwa mnajitazama kama maharusi waliokimbiwa. Sasa redio ilisema tafadhali. Redio ilisema asante. Kwenye ramani kubwa ya ukutani, doa jekundu lililokuwa kati ya makundi yale mawili lilikuwa limegeuka samawati.

Hatibu alikuwa msomaji, na kitabu chake kilikuwa watu wakiwa kazini. Chuoni walimfundisha kwamba kila mahali pa kazi ni nyumba ya ghorofa tatu. Juu kuna vinavyoonekana: sare, milango, nani anakaa karibu na nani. Katikati kuna yale ambayo wenye nyumba hujisifia, yaliyoandikwa getini kwa rangi ya dhahabu. Chini kabisa, kusiko na dirisha, kuna yale ambayo hakuna anayeyasema kwa sababu kila mtu anayajua, na hayo ndiyo yanayoendesha nyumba nzima. Wasomaji wa zamani waliishi na watu miaka na miaka ili wafike huko chini, na wengi walirudi na hadithi tu. Msikizi, mashine ya kusikiliza, alifika huko kwa msimu mmoja. Aliingia kupitia kishikizo cha kolani na punje ndogo iliyopandikizwa nyuma ya sikio la kila mwajiriwa. Alisikia maneno, pumzi, hatua, nani anamkatiza nani, kisha akachora ramani. Kazi ya msomaji ilikuwa kuipiga ramani muhuri. Muhuri ukishapigwa, Msikizi alianza kurekebisha, akisafisha redio na kunong'oneza masikioni maneno yanayofaa.

Chini ya doa jekundu Msikizi alikuwa ameandika: uhasama mkali. Hatibu hakuona la kubisha. Alikwisha kuisoma bandari, akaisoma hospitali ya rufaa, na hakuna ramani yake iliyowahi kurudishwa. Alikuwa kijana, na alijua kwamba jina lake linatajwa mjini na watu waliomzidi umri. Alipiga muhuri.

Asubuhi ile alisimama nyuma ya kiti cha Tumwitike Mwasaga, msimamizi wa zamu ya Vioo, mwanamke wa makamo mwenye mabega mapana na kicheko kilichokuwa, kwa maelezo ya wenzake, kikisikika mpaka jikoni. Hatibu hakuwahi kukisikia. Kwenye kioo kimojawapo alionekana Mwakalobo, mkuu wa Mabomba, mtu wa maringo aliyepaka nywele zake piko na kuacha shati likipepea nje hata mbele ya mkurugenzi. Alikuwa amepiga goti kwenye kisima cha juu, akikaza valvu.

Tumwitike aliinua kichwa ghafla. Kipimo cha kisima cha juu kilikuwa kinapanda. Hakikupanda kwa kusuasua. Kilipanda kama mtu anayekimbizwa. Akaikamata redio.

"Wewe Mwakalobo, zee la bomba bovu, toka hapo sasa hivi kabla sijaja kula wali wa matanga yako!"

Hatibu alikunja uso. Kisha akaona kazi ya Msikizi ikiandikwa kwenye kioo, na moyo wake ukatulia, hata akatabasamu. Redio ilikuwa imeishika kauli ile kabla haijatoka chumbani, ikaipangusa, ikaipitisha kwa sauti ileile ya Tumwitike, laini kama ya mtangazaji: Ndugu Mwakalobo, shinikizo limepanda katika kisima cha juu. Tafadhali ondoka eneo hilo mapema iwezekanavyo.

"Asante sana, dada," Mwakalobo alijibu. "Nimepokea." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeigiza.

Akasimama. Tumwitike alishusha pumzi. Lakini Mwakalobo hakuondoka. Alijipangusa magoti, akaiweka sawa kofia yake ngumu, kisha akaanza kuchomekea shati, taratibu, mbele na nyuma, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Alipomaliza akapiga goti tena, mgongo umenyooka, akaendelea kukaza valvu.

"Anafanya nini?" Tumwitike aliuliza kwa sauti ndogo. "Kwa nini anachomekea?"

Aliibonyeza redio tena, akatukana tusi ambalo Hatibu hakuwahi kulisikia hata bandarini, na tusi lile nalo likatoka nje likiwa limeoga. Halafu kioo kikawa cheupe chote, na mlima ukapiga mluzi.

*

Mwakalobo hakufa siku ile. Walimpeleka hospitali ya wilaya akiwa ameunguzwa na mvuke, amefungwa mashuka yenye maji, na mkurugenzi wa mtambo, Mzee Nkwabi, akamwita Hatibu ofisini kwake.

Nkwabi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na macho mekundu ya mtu aliyelia chooni, na alimwagizia Hatibu chai kabla ya kumwambia akae. Kisha akaieleza hali ilivyo. Sheria ya mitambo ilikuwa fupi. Kama ramani ni sahihi, kosa la ajali ni la aliyesema au la aliyeambiwa. Kama ramani si sahihi, kosa ni la aliyeipiga muhuri. Kumbukumbu za redio zilionyesha kwamba Mwakalobo alionywa kwa lugha safi, akajibu kwamba amepokea, akabaki. Kilichotakiwa ni Hatibu apige muhuri wa pili, kuthibitisha kwamba ramani ilikuwa sawa. Mitambo mingine ya shirika ilikuwa inasubiri Msikizi, na wote walikuwa wanautazama muhuri huo.

Hatibu aliuliza kama kumbukumbu zilihifadhi kauli ya kwanza, ile aliyoisema Tumwitike mwenyewe kwa kinywa chake.

Nkwabi alimtazama kama aliyeulizwa maji machafu ya kuoshea vyombo yamekwenda wapi. "Msikizi hahifadhi uchafu, kijana wangu. Wewe ndiye uliyetufundisha hivyo."

Alimkuta Tumwitike kwenye ngazi za nyuma za jiko, amekaa, mikono imelala mapajani. Hatibu alimwuliza kwa adabu zote kwa nini Mwakalobo hakukimbia. Mwanamke yule alianza kumjibu kwa adabu vilevile, kwa sababu punje ilikuwa ikimnong'oneza, kisha akaacha katikati, akatema mate pembeni.

Alimweleza kwamba hapa Lusungo, tangu visima vichimbwe, adabu kwenye redio ilikuwa na maana moja tu: kuna wageni. Wakaguzi wakija, Vioo na Mabomba husemezana kama watu walio kanisani, na lolote linalosemwa wakati huo ni maonyesho. Mtu hulipokea, hushukuru, hujiweka nadhifu, huendelea na kazi yake mpaka wageni waondoke. Hatari haikupita kwa mlango huo hata siku moja. Hatari ilipita kwenye matusi. Tangu Msikizi aje, Mabomba waliamini kuna wageni wasiokwisha. Ndiyo maana Mwakalobo alichomekea.

"Sisi ni watani, kaka msomaji," Tumwitike alisema. "Vioo na Mabomba. Mimi ni mdogo kwake kwa kila kitu, kwa umri, kwa cheo, hata kwa tumbo. Nitamwambiaje mtu kama yule kwamba anakosea? Namwambia kwa sababu ni mtani wangu, na yeye hana ruhusa ya kukasirika. Mama yake alipofariki, nani alipika? Sisi. Nani alichimba? Sisi, na tulimtukana tangu maiti inatoka mpaka tunanawa mikono. Na mimi nikifa yeye ndiye wa kunizika." Akamgeukia. "Wewe uliandikaje kule ukutani? Uhasama?"

Hatibu alijaribu kukumbuka alichofundishwa. Chuoni utani ulipewa ukurasa mmoja, baada ya sherehe za mwisho wa mwaka. Baba yake alikuwa Mzaramo wa mjini, na nyumbani kwao utani ulikuwa kichekesho cha harusini tu, mjomba fulani kutoka Tabora kuficha viatu vya bwana harusi. Hakuwahi kufikiri kwamba kichekesho kile kinaweza kubeba uzito, kwamba kunaweza kuwa na mahali ambapo mtu anaishi au anakufa kwa kutukanwa au kutotukanwa.

Hata hivyo kiburi chake hakikufa pale kwenye ngazi. Kilibadilisha nguo tu. Kabla hajafika chumbani kwake alikwisha kupata njia ya tatu, na aliiona nzuri mno mpaka akatembea haraka. Hakukuwa na haja ya kumtupia lawama mtu wala ya kuvunja muhuri. Msikizi hakukosea, alikosa neno. Atafundishwa. Atapewa utani, wote, na hatausafisha tena.

Nkwabi alifurahi karibu amkumbatie. Walimlisha Msikizi kila kilichokuwa kimerekodiwa na redio kabla ya kusafishwa kuanza, matusi ya miaka mingi, na Hatibu alikaa naye akimweleza: hili ni onyo, hili ni pole, hili ni hongera, hili ni njaa tu. Msikizi alishika upesi. Alijua nani ana haki ya kumtukana nani, kwa lipi, kwa kiasi gani. Doa la ukutani likapata rangi mpya ya manjano na jina jipya: utani wenye tija. Nkwabi alisema tija ni neno zuri.

*

Siku chache baadaye walikwenda hospitali mchana, Hatibu na Tumwitike, kwa sababu Mwakalobo alikuwa ameomba. Muuguzi aliwaambia kwamba tangu aletwe hajaomba maji wala dawa ya maumivu mara nyingi kama alivyomwulizia "yule mwanamke wa kioo." Alisema mgonjwa hana muda mrefu, wasimchoshe.

Alikuwa amefungwa bandeji mpaka shingoni. Nywele zilikuwa zimeungua upande mmoja, na upande mwingine mvi zilikuwa zimeanza kuonekana chini ya piko. Alipomwona Tumwitike, macho yake yalichangamka kama ya mtoto anayesubiri kutekenywa.

"Haya," alisema kwa taabu. "Niambie."

Tumwitike alifungua kinywa, na Hatibu aliona uso wake ukibadilika. Hakujua ni nini mpaka alipokumbuka. Punje. Msikizi alikuwa amemtangulia. Kabla tusi lake halijapata umbo kichwani, lilikwisha kunong'onwa sikioni, limepangwa, limenyooka, tusi zuri kabisa lililotengenezwa kutokana na matusi yake mwenyewe ya miaka iliyopita. Akalikataa, akatafuta jingine, na hilo jingine nalo lilikuwa limekwisha kufika. Alisimama pale kando ya kitanda kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yake na kufunguliwa na mgeni.

Mwishowe alisema lile alilopewa. Kitu kuhusu nyama choma, na Mabomba kushindwa hata kujichoma wenyewe mpaka wasaidiwe na mlima. Lilikuwa la kuchekesha. Muuguzi alijiziba mdomo.

Mwakalobo hakucheka. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akayageuza macho kwa Hatibu, kisha akayarudisha.

"Wageni bado wapo?" aliuliza.

Tumwitike alipiga magoti, akaweka paji la uso kwenye chuma cha kitanda. Hakusema tena lolote, kwa sababu kila alichotaka kusema kilikuwa na mwenyewe. Mwakalobo alisogeza vidole vilivyofungwa kuelekea kiunoni, mahali ambapo shati lingekuwa, na akavipapasa pale kidogo kama anayejiweka sawa. Alifariki kabla jua halijazama.

*

Walimzika kwenye kilima kinachotazamana na mtambo. Kwa kuwa alikufa kwa ajili ya kazi, shirika ndilo lililogharamia mazishi, na waliokuja walihesabiwa kuwa kazini: Vioo upande mmoja wa kaburi, Mabomba upande wa pili, kila mmoja na kishikizo chake kolani. Nkwabi alivaa suti. Hatibu alisimama kichwani pa kaburi na kibao chake cha kupigia muhuri kwapani. Siku ile ilikuwa ya mwisho ya uchunguzi. Nkwabi alikwisha kumwambia, kwa upole, kwamba baada ya mazishi wamalize lile jambo la muhuri wa pili.

Mchungaji alimaliza. Jeneza lilikuwa pembeni, na shimo lilikuwa wazi. Hatibu alijua kinachofuata, maana alikisoma na kumfundisha Msikizi: kabla marehemu hajateremshwa, mtani huingia kaburini na kugoma kutoka. Hulala humo, humtukana marehemu, hudai apewe kuku au viatu, na watu hucheka huku wakilia, mpaka wamtoe.

Watu wa Vioo walipiga hatua moja mbele.

Wote. Kwa pamoja. Mguu wa kulia. Vinywa vilifunguliwa kwa wakati mmoja, na Hatibu aliona kwenye macho yao kwamba kila mmoja alikuwa amenong'onezwa lake, kila mmoja limepimwa kwa cheo chake na urafiki wake na marehemu. Upande wa pili Watu wa Mabomba waliinamisha vichwa wakisubiri kutukanwa. Mmoja wao, fundi mmoja mrefu, polepole, alianza kuchomekea shati lake.

Tumwitike hakufungua kinywa. Alikuwa amekaza taya, jasho likimtoka, na alikuwa anamtazama Hatibu. Hakumwomba kitu. Alimtazama tu, kama unavyomtazama mtu aliyekaa juu ya nguo yako.

Hapo Hatibu alielewa kwamba njia ya tatu haikuwepo tangu mwanzo. Msikizi aliyeuita utani uhasama alimuua mtu mmoja. Msikizi aliyeuelewa utani angewaacha hai wote, na asingebaki mtu wa kumwambia mwenzake kitu. Ghorofa ile ya chini haikuwa na dirisha kwa sababu. Yeye alikuwa amebeba taa akashuka nayo, akashangaa kwa nini vilivyoishi gizani vinakufa mikononi mwake.

Lilikuwepo neno moja katika kazi yake ambalo wasomaji walilijua na kulikwepa. Aliyelipiga muhuri alikuwa anasema kwamba mahali hapa ramani haifai, kwamba ya kwanza ilikuwa batili, na kwamba vyote vilivyotokea chini yake ni kosa lake mwenyewe. Punje zingezimwa. Mitambo mingine ingesita, pengine kwa muda tu. Na yeye asingepewa nyumba nyingine ya kusoma maishani mwake. Aliwaza jina lake likitajwa mjini, na safari hii aliisikia sauti inayolitaja, na haikuwa ya sifa.

Alikitoa kibao kwapani. Nkwabi aliona, akatikisa kichwa, akaanza kumjia akiuzunguka udongo, akisema kwa sauti ya chini, "Usifanye hivyo, mwanangu. Subiri tuongee."

Hatibu aliweka kidole gumba juu ya kibao. "Haisomeki," alisema.

Hakikusikika kitu. Ila mikono ya Watu wa Vioo ilipanda masikioni, mmoja baada ya mwingine, kama watu walioamshwa na kelele zilizokatika. Kisha hawakujua la kufanya. Walisimama. Upepo ulikuja na harufu ya mvuke. Ukimya ulikaa mpaka Hatibu akaogopa kwamba amechelewa, kwamba kilichokuwa ndani yao kimekwisha kufa na yeye ametoa sadaka kwa ajili ya kaburi tupu.

Tumwitike alivua viatu. Aliinua gauni lake jeusi mpaka magotini, akakaa kwenye ukingo, akajiachia. Walimsikia akitua. Kisha sauti yake ikapanda, imekwaruzika, haijapangwa, inayokatika katikati.

"Mwakalobo. We mpumbavu. Nani alikwambia ufe umechomekea?" Alivuta pumzi. "Sisi tulikuzoea mchafu."

Upande wa Mabomba mtu mmoja alikohoa, na kikohozi kikageuka kicheko, na kicheko kikawavunja wote. Fundi yule mrefu alilichomoa shati lake kwa mikono miwili na kulia kwa sauti. Mwingine alipiga kelele kwamba mwanamke huyo atolewe haraka, anamnukishia marehemu nyumba. Tumwitike akajibu kutoka chini kwamba hatoki mpaka apewe yule jogoo wa Mwakalobo mwenye mguu mmoja, na kwamba kama hawataki wamfukie, lakini wajue nani atawasomea vipimo kesho. Wakabishana. Walibishana mpaka mjane wa marehemu akacheka, akiwa amejishika tumbo.

Nkwabi alikuwa amekaa kwenye rundo la udongo na suti yake, ameshika kichwa, simu yake ikiita mfukoni.

Tumwitike alipokwisha kutolewa na jeneza kuteremshwa, Hatibu alivua koti, akaenda upande wa Mabomba walikokuwa wakipokezana koleo. Matusi yalikuwa yakiruka juu ya kaburi kama mbegu. Alimwambia fundi mrefu kwamba angependa kusaidia kufukia.

Fundi alinyamaza. Wenzake nao wakanyamaza. Alimpa Hatibu koleo kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kidogo.

"Asante sana, kaka," alisema. "Tutashukuru."

Kisha akarudi nyuma hatua moja, na bila kuangalia chini, akaanza kuchomekea shati.